Mimba wiki ya 22, madeni manne, likizo ya nusu mshahara: nianze na lipi?

KijachoNjiani

Habari wakuu. Naomba msaada wa hesabu. Nimegeuza kila kitu kuwa sehemu za 100 ili sarafu isitusumbue: mimi na mume wangu tunaingiza 100 kwa mwezi, yeye 60 na mimi 40. Mimba ina wiki 22. Nikianza likizo ya uzazi nitalipwa nusu mshahara kwa miezi 3, yaani 20 badala ya 40.

Matumizi ya mwezi: kodi ya nyumba 25, chakula 20, nauli 8, umeme, maji na gesi 5, vocha na bando 2, wazazi 5. Jumla 65.

Madeni:

1. Mkopo wa kazini, wa kwangu, unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Salio 180, imebaki miezi 18, riba asilimia 15 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Rejesho 11.2.
2. Kadi ya mkopo. Salio 40, riba asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini cha kulipa ni asilimia 5 ya salio, yaani 2.
3. Mkopo wa simu wa 10, ada asilimia 8 kila siku 30. Tunaulipa na kuukopa tena siku hiyohiyo, kwa hiyo unatula 0.8 kila mwezi.
4. Deni la shemeji, 30. Halina riba wala tarehe.

Ukijumlisha matumizi na marejesho yote ya mwezi ni 79. Kwenye karatasi tunabakiwa na 21, ila mwisho wa mwezi huwa tunaona 3 au 4 tu. Tupunguze deni lipi kwanza, au tuyaache madeni yote tuweke akiba ya kujifungua?

Daftari_la_Deni

Hongera dada, na asante kwa kuleta tarakimu. Wengi huleta malalamiko bila salio wala riba.

Kabla ya kugusa deni lolote, tafuta hiyo 17 inayopotea. Karatasi inasema 21, mfukoni 4. Hilo ni tundu kubwa kuliko rejesho la mkopo wako wa kazini. Chukua siku 30, andika kila senti inayotoka siku inapotoka, wewe na mume wako, kila mtu na daftari lake. Msingoje mwisho wa wiki kukumbuka, maana vitu vidogo ndivyo vinavyosahaulika, na tundu limejaa vitu vidogo. Mara nyingi utakuta mambo matatu: makato ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu, chakula kinacholiwa nje ya nyumba ambacho hakimo kwenye ile 20, na gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka (ada, bima, leseni, matengenezo) ambazo hukuzigawa kwa 12. Hizi za mwisho si upotevu, ni bajeti iliyoandikwa nusu. Kwa hiyo usitegemee kuirudisha 17 yote. Mkiirudisha 11, ziada yenu halisi ni 15 kwa mwezi. Nitatumia 15 huko mbele, si 21.

Sasa muda. Usihesabu hadi wiki ya 40, hesabu hadi wiki ya 36. Kutoka 22 ni wiki 14, maana yake mishahara mitatu. Mara tatu 15 ni 45. Hiyo ndiyo pesa mnayoweza kuipanga, hakuna nyingine.

Deni la kwanza kuuawa ni la simu. Asilimia 8 kwa siku 30 ni asilimia 96 kwa mwaka hata bila kuzidisha riba juu ya riba. Ukubwa wake ni 10 tu, na mwezi mmoja unalimaliza. Tarehe ikifika lipa 10.8, futa programu, usikope tena. Ile 0.8 tayari imo kwenye 79, kwa hiyo 45 inakuwa 35.

Kisha angalia miezi 3 ya likizo. Kipato 80. Matumizi 65, kadi 2, vitu vya mtoto tuseme 7, na ile 6 ya tundu ambayo haikuzibika. Ongeza rejesho la kazini 11.2. Jumla 91.2. Kila mwezi mnapungukiwa 11.2, kwa miezi 3 ni 33.6. Akiba yenu ni 35. Maana yake mnaingia chumba cha kujifungulia mkiwa na 1.4 mkononi. Hapo ndipo familia hurudi kwenye mkopo wa simu.

Kwa hiyo jibu la swali lako si lipi ulipe kwanza. Ni lipi ulipe polepole zaidi, na kwa ruhusa. Nalo ni mkopo wa kazini. Likizo ikianza utakuwa umeshalipa marejesho matatu, salio litakuwa kama 153, imebaki miezi 15. Mkopeshaji anaweza kukupa moja ya njia tatu:

Kulipa riba tupu kwa miezi 3. Rejesho linashuka hadi 1.9, kisha linarudi 11.2 kama kawaida na mkopo unaisha miezi 3 baadaye. Gharama ya ziada ni kama 5.7.

Kusimamisha rejesho kabisa miezi 3, riba ikiongezwa kwenye salio. Hulipi kitu, ila baadaye rejesho linapanda hadi kama 11.7 kwa miezi 15. Gharama ya ziada kama 6.4.

Kurefusha mkopo kwa miezi 12. Rejesho linashuka hadi 6.7 tu, na gharama ya ziada ni kama 12.4. Hii ndiyo wanayopenda kukupa, na ndiyo mbaya kwako: inakupa nafuu ndogo wakati unapoihitaji, kisha inakulipisha mwaka mzima zaidi.

Omba ya kwanza. Pengo la likizo linashuka kutoka 11.2 hadi 1.9 kwa mwezi, kwa miezi 3 ni 5.7. Katika ile 35 mnabaki na 29 za kujifungulia na maandalizi. Barua moja imezaa 28.

Barua iende sasa, wakati hujachelewesha hata rejesho moja. Ukishachelewa, unahesabiwa kuwa mdaiwa sugu anayetafuta visingizio. Andika namba ya mkopo, tarehe likizo inapoanza na kuisha, kiasi unachoomba kulipa, na uambatanishe uthibitisho wa likizo. Dai jedwali jipya la marejesho kwa maandishi, uangalie kama kuna ada ya kubadilisha mkataba. Neno la mdomo la karani si mkataba, na kompyuta ya malipo itaendelea kukata 11.2 kama kawaida kutoka kwenye 20 yako.

Riba3

Nakubaliana na mengi, ila kadi imepitwa haraka mno. Asilimia 3 kwa mwezi ni 36 kwa mwaka. Ndiyo riba ghali kuliko zote baada ya ile ya simu kufa. Ukilipa 2, riba inameza 1.2 na deni linapungua 0.8. Na kwa kuwa kiwango cha chini ni asilimia ya salio, kila salio likishuka na malipo yanashuka, deni linajikokota kwa miaka.

Hoja yangu: kadi si kama mkopo wa kazini. Ukilipa mkopo wa kazini mapema, pesa imekwenda. Ukilipa kadi, nafasi ya kukopa inafunguka tena. Kwa hiyo badala ya kulaza 29 benki bila faida, weka 15 kwenye kadi sasa. Ikitokea dharura unaitumia tena, isipotokea umeokoa 0.45 kila mwezi.

Daftari_la_Deni

Riba3, hesabu yako ni safi lakini ina mashimo mawili. Kwanza, mtoa kadi anaweza kupunguza kikomo cha kukopa wakati wowote, na hupenda kufanya hivyo anapoona mshahara unaoingia kwenye akaunti umepungua nusu. Yaani mwezi uleule wa likizo. Pili, kituo cha afya kikitaka fedha taslimu, kutoa pesa kwenye kadi kwa kawaida kuna ada ya papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, hakuna siku za bure kama unaponunua dukani.

Kulaza 29 kwa miezi minne kunamgharimu dada kama 3.5 ya riba ya kadi ambayo angeiepuka. Hiyo ni bei, sikatai. Lakini pesa iliyokwenda kulipa deni huwezi kuiita irudi saa nane za usiku. Mtoto akishazaliwa na bili kulipwa, kinachobaki kiende kwenye kadi wiki hiyohiyo, chote isipokuwa kiasi cha mwezi mmoja wa mwisho nitakaoueleza hapo chini. Kwa sasa kadi ilipwe 2 bila kukosa na isitumike kabisa. Itoe kwenye simu na kwenye maduka ya mtandaoni ilikohifadhiwa, maana matumizi mengi ya kadi siku hizi hayahitaji hata kuitoa kwenye pochi.

Riba3

Sawa, la kikomo kupunguzwa nimelikubali. Nyongeza: akija mtu akakushauri kuunganisha kadi na mkopo wa kazini kwa kuongeza mkopo juu ya mkopo, uliza mambo mawili. Ada ya kufungua upya ni kiasi gani, na je miezi inaanza kuhesabiwa upya? Riba ya 15 ni nafuu kuliko 36, kweli, ila mkopo wa miezi 18 ukigeuka wa 48 umeshalipa tofauti hiyo na zaidi. Na uwe macho na riba isiyopungua. Ukikopa 120 kwa "asilimia 12" inayohesabiwa kwa mkopo wote mwanzo hadi mwisho, kwa miezi 12 unalipa 11.2 kila mwezi, jumla 134.4. Kwa kuwa salio linashuka lakini riba haishuki, riba halisi ni karibu asilimia 21 kwa mwaka. Ni karibu mara mbili ya tangazo.

MkungaMahesabu

Mmeongelea deni vizuri, ngoja niiguse ile "7 ya mtoto" na zile 29, maana zimetajwa kama vile kila mtu anajua zinakwenda wapi.

Kliniki kwanza. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ni mahudhurio 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Wewe uliye wiki ya 22 umebakiwa na 6, na manne kati ya hayo yamesongamana kati ya wiki ya 34 na 40. Nauli na vipimo vya miezi miwili ya mwisho vitakuwa vingi kuliko vya miezi miwili iliyopita. Usigawe gharama ya kliniki sawasawa kwa miezi.

Bili ya kujifungua itafutiwe tarakimu mbili, si moja. Nenda unakotarajia kujifungulia, uliza gharama ya kujifungua kawaida na ya upasuaji, kila moja na siku ngapi za kulala, nini kimo na nini hakimo (dawa, damu, glovu, mtaalamu wa usingizi), na kama wanataka amana kabla. Duniani takriban mtoto 1 kati ya 5 huzaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo akiba ipangwe kwa tarakimu ya juu. Isipotumika, Riba3 anaisubiri kwenye kadi.

Kama mna bima, msiishie kwenye "uzazi umo". Uliza muda wa kungoja kabla faida ya uzazi haijaanza, na kama mlijiunga kabla au baada ya mimba. Uliza kikomo cha upasuaji. Uliza pia mtoto analindwa tangu siku ya kwanza au hadi aandikishwe, na kuandikisha kuna siku ngapi. Swali hili la mwisho ndilo linalowaangusha watu. Mtoto 1 kati ya 10 hivi duniani huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na bili ya wodi ya watoto wachanga ni ya mtoto, si ya mama. Daftari amesema hesabu iishie wiki ya 36, mimi ningetaka pesa ya kujifungua iwe kamili wiki ya 34 na mengine yafuate.

Vitu vya mtoto sasa. Nepi: mchanga hutumia 8 hadi 12 kwa siku wiki za mwanzo, kwa hiyo mwezi wa kwanza weka 300, kisha hushuka polepole. Kosa la kawaida ni kununua katoni za saizi ya wachanga kwa sababu kuna punguzo. Mtoto wa kilo 3.8 anazitoa ndani ya wiki chache. Nunua 60 hadi 80 za saizi hiyo, zilizobaki ziwe za saizi inayofuata, tena uzinunue kadiri zinavyoisha. Za kitambaa zinazofuliwa: ukifua siku moja na kuacha moja unahitaji kama 24. Ukiwa na 12 utafua kila siku na utaishia kununua za kutupa, ukalipia mara mbili.

Nguo 6 hadi 8 za ndani na idadi hiyohiyo za kulalia zinatosha, nyingi ziwe za saizi ya miezi 0 hadi 3. Usinunue tena hadi uone zawadi zimeleta nini. Vya mtumba chukua bila aibu: nguo, beseni, hata kitanda kama nafasi kati ya mbao haizidi sentimita 6 na hakuna skrubu inayocheza. Usichukue kiti cha gari ambacho hujui kama kilishapata ajali.

Maziwa ya kopo usiyawekee bajeti mapema kwa kuogopa tu. Mapendekezo ni maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, kwa hiyo ile 20 ya chakula ipandishe hadi 21 au 22 na uitoe kwenye 8 ya nauli, ambayo wakati wa likizo itapungua yenyewe.

KijachoNjiani

Nimesoma zaidi ya mara moja. Barua ya mkopo naiandika leo. Maswali mawili: deni la shemeji linakaa wapi? Na mume wangu anasema tuanze kuishi kwa 80 kuanzia sasa, je inafaa?

Daftari_la_Deni

Mume wako yuko sahihi, na ndiyo njia bora ya kujua kama tarakimu zangu zina uongo. Siku mshahara wako unapoingia, hamisha 20 kwenye akaunti tofauti isiyo na kadi wala simu iliyounganishwa. Mwezi wa kwanza mtashindwa katikati, labda tarehe 22 au 23. Msijilaumu, andikeni ni kitu gani kilichovunja bajeti. Mwezi wa pili rekebisheni tarakimu ile. Kumbuka tu kwamba katika majaribio rejesho bado ni 11.2 na mtoto hajaja, kwa hiyo mkiweza kuishi kwa 80 sasa, ziada yenu ni 20, zaidi ya 15 niliyoiweka. Ongezeko hilo lisiende kwenye vitu vya mtoto.

Shemeji: mpelekee taarifa kabla hajauliza. Mwambieni kwamba hamtalipa kitu hadi mwezi wa tano baada ya kujifungua, kisha mtalipa 1.5 kwa mwezi kwa miezi 20, na mmwandikie. Deni lisilo na riba huwa la mwisho kwenye orodha, lakini likikosa tarehe linadaiwa siku yoyote, hata siku ya kutoka hospitali.

Sasa ule mwezi wa mwisho niliouahidi. Ukirudi kazini, mshahara unarudi 40, na wote mtapumua. Lakini angalia kinachotokea mwezi huohuo: rejesho linapanda kutoka 1.9 kurudi 11.2, nauli inarudi 8, na mtu wa kumlea mtoto anaanza kulipwa. Kipato 100, matumizi 65, mtoto 7, kadi 2, tundu 6, rejesho 11.2: jumla 91.2, zimebaki 8.8, na mlezi bado hujamlipa. Tena mlezi hulipwa mwezi unapoisha au hata mapema, wakati mshahara wako kamili unaweza kuchelewa kwa kuwa ofisi ya mishahara haijakurudisha kwenye orodha. Mwezi wa nne unaweza kubana kuliko miezi yote ya likizo, na karibu kila bajeti ya uzazi huishia mwezi wa tatu. Jua gharama ya mlezi sasa, na kiasi cha mwezi mmoja wake kibaki kwenye akiba hata kama kadi inalia.

MkungaMahesabu

Tarehe za kulipia nazo. Madeni yenye tarehe kati ya wiki ya 37 na 42 yalipwe wiki moja kabla, au mume awe na nywila na namba za akaunti zote zimeandikwa karatasini. Adhabu ya kuchelewesha kadi kwa sababu mwenye simu yuko leba ni pesa ya bure kwao.

Riba3

Na wiki ya 30 urudi hapa na tarakimu mpya: tundu limebaki ngapi, barua imejibiwa nini, upasuaji unagharimu sehemu ngapi. Ikiwa tarakimu ya upasuaji imezidi 29, bado utakuwa na muda kabla ya wiki ya 36 wa kuziba tofauti.